Laki Nne na Ushee

Laki nne na ushee.
Nilizisoma tarakimu mara mbili, kidole juu ya kioo,
kama mtu asomaye bei akidhani pameongezwa sifuri.
Volvo ya mwaka wa tisini na moja, rangi ya chai iliyozidi maziwa,
imeegeshwa kando ya banda la kuni, nje kidogo ya Kuhmo,
waya wa kupashia injini joto umechomekwa ukutani
kama mgonjwa wa dripu.

Shemeji yangu Jalmari alikwisha kulala kwenye theluji,
tochi mdomoni, bisibisi mkononi,
anagonga chuma, anasikiliza.
Kwa Jalmari bodi ya gari ina sauti mbili tu.
"Pwa," alisema, chini ya mlango wa kushoto.
"Pwa," tena, karibu na pa kuwekea jeki.
Kisha kimya. Kisha ng', ng', ng', hadi nyuma.

Mimi nina yuro elfu mbili na mia moja.
Nina zamu ya alfajiri kwa wazee kumi na mmoja,
insulini, vidonda vya kufungwa upya,
kilomita arobaini kati ya kitanda na kitanda.
Gari langu la mkopo, lenye skrini kama ya sinema,
lilizimika Januari katikati ya msitu
likaniandikia kwa adabu kwamba nimwone wakala.
Kipya kinyemi.
Nilikaa saa mbili na kinyemi changu,
digrii thelathini chini ya sifuri, nikipuliza vidole.

Lakini hata kikongwe si malaika.
Anayekuuzia gari zee hukuuzia na usiku wake ujao:
pampu ya maji, klachi, simu isiyoshika mtandao.
Rahisi ghali. Nalijua hilo;
mama yangu aliwahi kununua trekta.

Bi Sylvi Kärnä hakusifu kitu.
Alinipa daftari, akarudi ndani kuangalia kahawa.
Penseli, mwandiko wa marehemu mumewe:
112,040, oili na chujio.
118,115, oili. Mkanda wa feni.
124,090, oili. Kulungu kavunja taa ya kulia.
Kila elfu sita, bila kukosa,
kama yule mgonjwa mmoja kati ya mia
anayemeza vidonge kwa saa.

Halafu pengo.
Toka 298,330 hadi 317,902, hakuna neno.
Jalmari alichungulia begani kwangu, akapumua mvuke.
"Hapo ndipo injini ilipoumizwa," alisema.
"Hapo ndipo utakapolipia."

Nilimuuliza Bi Sylvi mezani.
Hakulitazama daftari.
"Hospitali ya Oulu," alisema. "Binti yetu, Meeri.
Mara mbili kwa wiki, baridi nzima."
Akamimina kahawa, akasogeza sukari.
Sikuuliza safari ya mwisho walirudi wangapi.
Mstari uliofuata, penseli ilikandamizwa hadi karatasi ikatoboka:
317,902, oili, chujio, plagi zote.
Halikutuangusha.

Jalmari alikuwa akipiga hesabu mgongoni mwa bahasha:
kuchomelea mia nne, breki mia mbili,
toa elfu moja na mia tano, usiongeze hata senti.
Nilitoka peke yangu kuliwasha.
Lilisita, likakohoa, likashika.
Ndani ya mngurumo kitu kilikuwa kinagonga, tak, tak, upande wa kushoto.
Vali, angesema Jalmari.
Nimesikiliza vifua vingi.
Wengi wenye tak kama hiyo
bado hunifungulia mlango wenyewe.

Niliporudi ndani niliuliza bei, tukapatana upesi.
Kisha nikauliza kama daftari linakwenda na gari.
Hapo ndipo alipofikiri, hadi kahawa ikapoa.
"Gari, ndiyo," alisema.
"Daftari utanunua lako."